Chungu cha Mtaani: Lokanta za Watu wa Kazi Mjini Istanbul

Mji hujulikana kwa majengo yake, na Istanbul ina majengo ya kutosha kumshangaza mgeni kwa mwezi mzima. Lakini atakaye kuwajua watu wanaoishi chini ya kuba na minara ile hana budi kuwatazama saa sita mchana, wakati fundi cherehani anapoweka mkasi chini, karani anapofunga jalada lake, na mchukuzi anapoegemeza mkokoteni wake ukutani. Wote hao wana njaa, wote wana muda mfupi wa mapumziko, na wengi wao hawana fedha za kuchezea. Huko waendako ndiko tunakotaka kumpeleka msomaji wetu leo.

Watu wengi wa nje wakisikia habari za chakula cha Kituruki hufikiri nyama tu. Döner, ile nyama inayozungushwa mbele ya moto na kukatwa vipande vyembamba, imeenea Ulaya nzima, hasa baada ya Waturuki kuanza kwenda Ujerumani kufanya kazi kwa mkataba uliotiwa sahihi tarehe 30 Oktoba 1961. Katika mitaa ya Berlin mkate wenye nyama hiyo umekuwa chakula cha kila mtu. Walakini nyama ya moto ni chakula cha njiani, ama cha siku ambayo mtu ameamua kujifurahisha. Mturuki akisema kwamba ana hamu ya chakula cha nyumbani, yeye hazungumzii moto wa mkaa. Anazungumzia chungu: maharage, biringanya, bamia, supu ya adesi, na wali mweupe pembeni. Na akiwa mbali na chungu cha mama yake, huenda kukitafuta katika lokanta ya mtaani.

MAHALI GANI HAPA?

Jina lake kamili ni esnaf lokantası. Neno lokanta lilitoka Italia, ambako locanda ni nyumba ya wageni, likaja na biashara ya baharini. Neno esnaf lina asili ya Kiarabu, nalo kwa Kituruki lilikuwa jina la vyama vya mafundi na wenye maduka. Basi esnaf lokantası ni mahali pa kula pa mafundi na wachuuzi, yaani watu wanaoishi kwa kazi ya mikono yao na duka lao dogo. Siku hizi utamkuta humo pia mwanafunzi, daktari, askari na mzee aliyestaafu. Vipo vilevile vijumba vidogo zaidi vyenye kibao kilichoandikwa ev yemekleri, maana yake vyakula vya nyumbani, na vingi vya hivyo huendeshwa na wanawake au na mume na mke.

Mahali penyewe hapana fahari yoyote. Meza ni nyingi kuliko nafasi, viti ni vyepesi, kuta ni nyeupe, na nyuma ya kioo kirefu kuna masinia ya chuma yaliyowekwa juu ya maji ya moto ili chakula kisipoe. Mteja haletewi kitabu cha orodha ya vyakula. Husimama mbele ya kioo, hutazama, huuliza, kisha huonyesha kwa kidole. Hili ni jambo la maana kuliko linavyoonekana. Katika hoteli kubwa mla chakula hununua ahadi iliyoandikwa kwenye karatasi, bali hapa hununua kitu anachokiona kwa macho yake. Bamia zikiwa zimevurugika, atazipita. Mchuzi ukiwa na rangi njema, ataukubali. Mpishi naye anajua kwamba hana mahali pa kujificha.

Asiyejua hata neno moja la Kituruki anaweza kula vizuri kabisa kwa njia hiyo ya kidole. Lakini yafaa ajifunze neno moja fupi, nalo ni az, yaani kidogo. Ukisema az mbele ya jina la chakula utapewa nusu sahani kwa bei iliyopunguzwa. Hivyo mtu mmoja mwenye fedha chache huweza kula nusu ya maharage, nusu ya biringanya na nusu ya wali, akaonja vitu vitatu badala ya kimoja. Mkate huwekwa mezani kwa wingi, na kwa desturi ya lokanta hizi hautozwi fedha. Maji yapo. Mara nyingi ipo pia sahani ya achari, ambayo wao huiita turşu: kabichi, matango na pilipili zilizolala katika maji ya chumvi na siki.

Meza ikiwa na nafasi moja, mgeni ataketi pamoja na mtu asiyemjua, wala hakuna atakayeona ajabu. Salamu itatolewa, mkate utasogezwa, na kila mtu ataendelea na sahani yake. Chakula hakichelewi, maana kilikwisha kupikwa. Mpishi ameanza kazi yake kabla ya mapambazuko. Asubuhi huuza supu, adhuhuri huuza vyote, na alasiri masinia huanza kuonekana matupu. Lokanta nyingi za namna hii hazingoji usiku. Chungu kikiisha, kazi ya siku imekwisha.

SAFU YA MASINIA

Vyakula hivi kwa jumla huitwa sulu yemek, maana yake vyakula vyenye maji, na sisi tungesema vyakula vya mchuzi. Tuanze na supu. Ya kawaida kabisa ni mercimek, ya adesi nyekundu zilizopondwa zikawa laini, ambayo hukamuliwa limau juu yake. Ipo ezogelin, yenye adesi, ngano iliyovunjwa, nyanya na nanaa kavu. Ipo pia işkembe, supu ya utumbo, inayonywewa pamoja na siki na kitunguu saumu. Wasomaji wetu wanaoamka na supu ya utumbo katika masoko ya miji yetu hawatahitaji kufundishwa faida zake.

Baada ya supu huja mboga, na mboga ya heshima kupita zote ni biringanya. Karnıyarık maana yake ni tumbo lililopasuliwa: biringanya hukaangwa nzima, hupasuliwa katikati, hujazwa nyama ya kusaga iliyopikwa na vitunguu na nyanya, kisha hurudishwa motoni. Ndugu yake ni imam bayıldı, yaani imamu amezimia. Huyu hana nyama. Hujazwa vitunguu, nyanya na kitunguu saumu, hupikwa kwa mafuta mengi ya zeituni na huliwa akiwa amepoa. Wengine husimulia kwamba imamu alizimia kwa utamu, na wengine kwamba alizimia aliposikia kiasi cha mafuta kilichotumika. Kila mpishi ana riwaya yake.

Kuna dolma na kuna sarma. Kitenzi dolmak maana yake ni kujaa, kwa hiyo dolma ni kitu kilichojazwa: pilipili hoho, biringanya au nyanya yenye wali ndani. Kitenzi sarmak maana yake ni kufunga au kuviringisha, kwa hiyo sarma ni jani la mzabibu au la kabichi lililoviringishwa juu ya wali. Wapishi stadi huviringisha majani hayo yakawa membamba kama kidole. Ni kazi ya saa nyingi ambayo mlaji huimaliza kwa dakika chache, na hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya watu wa mjini, wasio na saa hizo, waje kula mahali ambapo mtu mwingine amekwisha kuzitumia.

Upande wa vitamu kuna sütlaç, yaani wali wa maziwa na sukari uliotiwa katika bakuli na kuchomwa juu mpaka ukapata ngozi ya rangi ya kahawia. Majira ya baridi huja boga lililopikwa kwa sukari na kunyunyiziwa jozi. Mwisho huja chai nyeusi katika bilauri ndogo yenye kiuno chembamba, na mara nyingi mwenye lokanta haitozi fedha. Chai hiyo hulimwa nchini mwao, pwani ya Bahari Nyeusi upande wa Rize, ambako kiwanda cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1947. Kabla ya kutoka, mgeni huenda akamiminiwa mikononi maji ya manukato yenye harufu ya limau, yanayoitwa kolonya.

MAHARAGE NA WALI

Lakini mfalme wa lokanta si biringanya, wala si nyama. Ni maharage meupe makavu, kuru fasulye, yakiandamana na wali. Waturuki wengi watakuambia bila kusita kwamba hicho ndicho chakula cha taifa lao. Kinaliwa jeshini, shuleni, kiwandani na nyumbani. Tajiri hakionei haya na maskini hakichoki.

Jambo la kufikirisha ni kwamba chakula hiki cha taifa hakikuwapo katika zama za kale za taifa hilo. Maharage ya aina hii asili yake ni Bara la Amerika, na nyanya zinazoyapaka wekundu vilevile. Vitu hivyo vilivuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, vikaingia polepole katika mashamba ya dola ya Wauthmaniya. Hali kadhalika mahindi na maharage tunayoyahesabu kuwa chakula cha mababu zetu yalitoka huko huko. Mkulima wa Erzurum na mkulima wa nchi za Maziwa Makuu hawajapata kuonana, na hata hivyo wote wawili hutia kwenye chungu chao mbegu zenye asili moja.

Upishi wake si wa siri, lakini wahitaji subira. Maharage hulowekwa usiku kucha. Asubuhi maji yale humwagwa, na maharage huchemshwa kwa maji mapya. Pembeni vitunguu hukaangwa kwa siagi au mafuta, hutiwa rojo zito la nyanya na la pilipili, na kama fedha zipo hutiwa vipande vya nyama. Kisha vyote hukutanishwa na kuachwa juu ya moto mdogo. Moto mkubwa hupasua maganda, na maharage yaliyopasuka hufanya uji. Mpishi mwema hutambuliwa kwa jambo hili: punje ni nzima kwa macho, lakini ulimini huyeyuka.

Wali nao una sheria zake. Pilav ya huko haina karafuu, iliki wala jira kama pilau yetu. Ni nyeupe. Mchele huoshwa mpaka maji yatoke safi. Tambi fupi hukaangwa kwa siagi mpaka zibadilike rangi, mchele ukafuata, kisha maji yaliyopimwa. Yakishakauka, kitambaa hutiwa chini ya kifuniko na wali huachwa upumue. Ukitaka maharage yamwagwe juu ya wali badala ya kuwekwa kando, sema hivyo kwa mpishi. Atafurahi, maana ndivyo wenyeji wengi wanavyokula, pamoja na kitunguu kibichi.

Nyuma ya msikiti mkubwa wa Süleymaniye ipo safu ya migahawa iliyojulikana mji mzima kwa maharage hayo. Mahali hapo panafaa kwa sababu ya historia. Msikiti huo ulijengwa na msanifu Sinan kati ya mwaka 1550 na 1557 kwa amri ya Sultani Süleyman, na pamoja nao zilijengwa shule, hospitali na imaret, yaani jiko la wakfu lililowalisha wanafunzi, watumishi, wasafiri na maskini. Karne zaidi ya nne zimepita, na watu bado wanapanda kilima kile kutafuta sahani ya moto.

MANENO YALIYOSAFIRI

Msemaji wa Kiswahili akiketi katika lokanta hataona ugeni wote. Atasikia pilav, bamya, limon, çay, kahve, helva na şeker, naye atatambua pilau, bamia, limau, chai, kahawa, haluwa na sukari. Nyama ya kusaga huitwa kıyma, kutokana na kitenzi cha Kituruki chenye maana ya kukatakata. Neno hilo lilikwenda mpaka Bara Hindi, na kutoka Bara Hindi likafika pwani yetu likiwa kima. Mpishi huitwa usta, neno lenye mzizi mmoja na ustadhi na ustadi wetu. Mzee huitwa amca, na sisi twasema ami. Akimaliza kula mteja huomba hesap, nayo ni hesabu.

Adabu pia hufanana. Kijana hamwiti mhudumu mwenye umri kwa jina tupu. Husema abi kwa mwanamume, yaani kaka mkubwa, na abla kwa mwanamke, yaani dada mkubwa. Mama mtu mzima anayepakua chakula huitwa teyze, mama mdogo. Mwenye lokanta akileta sahani husema afiyet olsun, na iwe afya. Mlaji akishukuru humwambia mpishi kwamba afya iwe mikononi mwake. Na mwenye duka akipokea fedha husema bereket versin, akiomba baraka. Haya hayasemwi kwa mzaha. Ni maneno yanayomkumbusha kila mmoja kwamba biashara ya chakula si biashara ya misumari.

ASILI YA MILA HII

Desturi ya kulisha watu wa kazi nje ya nyumba ni ya zamani sana katika mji huu. Msafiri Evliya Çelebi, aliyeishi katika karne ya 17, aliviorodhesha vyama vya kazi vya Istanbul katika kitabu chake cha safari, na wapishi wamo. Mji ulijaa wanaume waliotoka mikoani bila wake zao, wakilala vyumba vya makapera na kufanya kazi za upagazi, ujenzi na uashi. Hawakuwa na jiko. Duka la mpishi ndilo lililokuwa jiko lao.

Kazi yenyewe ilikuwa na daraja. Mtoto aliingia akiwa çırak, mwanagenzi, akiosha vyombo na kumenya vitunguu. Akapanda kuwa kalfa, neno lililotokana na khalifa, msaidizi wa bwana wake. Mwisho akawa usta. Wilaya ya Mengen katika mkoa wa Bolu ilipata sifa ya kutoa wapishi wa ikulu ya masultani, na mpaka leo inajivunia kutoa wapishi.

Baada ya katikati ya karne ya 20 lokanta ziliongezeka kwa sababu nyingine. Mwaka 1950 Istanbul ilikuwa na watu wapatao milioni moja. Leo wamepita milioni 15. Wengi walitoka Anatolia na pwani ya Bahari Nyeusi, kila mmoja akija na ladha ya kwao. Hata majina ya lokanta yana fundisho. Huko Üsküdar, upande wa Asia, kuna lokanta mashuhuri iliyofunguliwa mwaka 1933 na kuitwa Kanaat. Neno hili ni ndugu wa kukinai kwetu: kutosheka na kilichopo, na kusema alhamdulillahi.

BEI YA SAHANI

Sasa tufike kwenye jambo linalowaumiza kichwa wenye lokanta na wateja wao. Sifa ya esnaf lokantası ni mbili tu: chakula kipikwe vizuri, na mtu wa kazi aweze kukilipia. Ikiondoka sifa ya pili, ya kwanza haina maana.

Uturuki imepita katika miaka migumu ya kupanda kwa bei. Nchi hii ina uzoefu mrefu wa jambo hilo, kiasi kwamba Januari 2005 ililazimika kufuta sifuri sita katika fedha yake, na lira milioni moja za zamani zikawa lira moja mpya. Kwa miaka kadhaa hali ikatulia. Mwaka 2010 dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na lira moja na nusu hivi. Mwishoni mwa mwaka 2024 dola hiyo hiyo ilipita lira 35. Kwa takwimu rasmi, bei za vitu zilipanda kwa zaidi ya asilimia 85 katika mwaka ulioishia Oktoba 2022.

Mtu wa mshahara hawezi kukimbia kwa mwendo huo. Katika mwaka wote wa 2024 kima cha chini cha mshahara, baada ya makato, kilikuwa lira 17,002 kwa mwezi. Kuanzia Januari 2025 kilipandishwa kuwa lira 22,104, nyongeza ya asilimia 30. Lakini bei katika mwaka ule wa 2024 zilikuwa zimepanda kwa asilimia 44 kwa hesabu ya serikali yenyewe. Tofauti kati ya 30 na 44 haionekani ikiandikwa kwenye karatasi. Huonekana mezani, pale ambapo mtu aliyekuwa akiagiza supu, biringanya na wali huagiza sasa supu na mkate peke yake.

Mwenye lokanta naye si mnyonyaji. Siagi, mchele, gesi, kodi ya nyumba na mishahara ya wasaidizi vyote hupanda siku moja. Mbele yake kuna njia tatu, na zote ni chungu. Akipandisha bei, fundi cherehani ataanza kuja na mkate wake kutoka nyumbani. Akipunguza nyama na siagi, mteja wa miaka mingi atajua kwa kijiko cha kwanza. Asipofanya lolote, atafunga mlango. Na mlango wa namna hii ukifungwa, mara nyingi haufunguliwi tena kwa maharage. Hufunguliwa kwa kahawa za bei kubwa, ama kwa mikate ya kukaanga ambayo kijana asiye na ujuzi aweza kufundishwa kuitengeneza kwa siku mbili.

Hapo ndipo ilipo hasara ambayo haiandikwi katika takwimu. Mwanagenzi hahitajiki tena kujifunza kwa miaka kumi. Usta akizeeka, mwanawe huenda amekwisha kuwa mhasibu au dereva, na ujuzi wa kupima chumvi kwa vidole huondoka naye.

Mamlaka za mji hazikukaa kimya. Mwaka 2022 Manispaa ya Istanbul ilifungua katika eneo la Çapa mgahawa wa kwanza wa aina iliyoitwa Kent Lokantası, yaani lokanta ya mji, kisha ikafungua mingine. Humo mtu hupewa sinia lenye vyakula vinne kwa bei moja iliyo chini ya ile ya sokoni, na wanafunzi na wastaafu hupanga foleni. Ni msaada wa kweli kwa mwenye njaa. Lakini swali linabaki: lokanta ndogo ya jirani, isiyo na ruzuku ya mtu yeyote, itashindana vipi na sinia hilo? Kumlisha mnyonge ni wajibu, na kumwacha mpishi wa mtaa aanguke si ushindi. Itabidi hekima itafutwe ya kuyapatanisha haya mawili.

Wananchi nao wana dawa yao ya zamani. Katika maduka ya mikate ipo desturi ya askıda ekmek, maana yake mkate uliotundikwa. Mwenye uwezo hulipia mikate miwili, akachukua mmoja na kuuacha wa pili. Baadaye huja mtu asiye na kitu, akauliza kama upo mkate uliotundikwa, naye hupewa. Aliyetoa hamjui aliyepokea, na aliyepokea hana wa kumwinamia. Desturi hiyo imeingia hata katika baadhi ya lokanta, ambako sahani nzima huweza kulipiwa kwa ajili ya mtu asiyejulikana.

NASI JE?

Msomaji aweza kuuliza, maharage ya Istanbul yatuhusu nini? Yanatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, watu wetu wanakwenda huko. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki na Kongo hununua nguo katika mtaa wa Laleli, na vijana wetu wanasoma katika vyuo vikuu vya nchi ile. Wengi wao, kwa kutokujua, hula mkate na nyama ya moto siku zote ama hutumia fedha nyingi katika hoteli za watalii. Tunawashauri hivi: ondokeni barabara kuu, ingieni uchochoroni, na tazameni wanakoingia watu wenye nguo za kazi. Fikeni kabla ya saa saba mchana, wakati masinia bado yamejaa. Mkiona kioo chenye mvuke, ingieni. Muislamu asiyetaka nguruwe hatapata taabu humo, na asiyekula nyama atapata mboga za mafuta ya zeituni. Bora aulize tu kama mchuzi umetiwa nyama.

Pili, kila mji wetu una lokanta yake. Kwa wengine ni mama ntilie mwenye sufuria tatu kando ya kiwanda, kwa wengine ni kibanda cha bati karibu na kituo cha mabasi. Hapo mjenzi, utingo na karani hupata ugali, maharage na mboga kwa fedha wanazozimudu. Mara nyingi tunawakumbuka wapishi hao pale tu wanapoamriwa kuhama kwa sababu ya usafi au upanuzi wa barabara. Ni haki kudai maji safi na jiko safi. Lakini anayemhamisha mama huyo na ajiulize kwanza wale mia waliokuwa wakila kwake watakula wapi kesho, na kwa bei gani.

Waturuki wamewapa watu hao jina la heshima, usta, na wanalitamka jina hilo mchana kweupe mbele ya wateja wote. Heshima peke yake hailipi kodi ya nyumba wala hainunui siagi, kama tulivyoona. Lakini hakuna atakayejisumbua kulinda kitu ambacho hata jina jema hajakipa. Chungu cha mtaani hulisha mikono inayojenga mji. Mji usiokijali utakuja kutambua thamani yake siku ambayo saa sita mchana itafika, na moto chini yake umezimika.